Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Askari wa Mwili na Kansa ya Damu



Mwanafunzi mmoja wa hapa Bagira ametuletea swali ambalo twaona vema kulijibu mbele ya watu wote. Ameandika hivi: “Mwalimu wetu wa biolojia ametufundisha kwamba katika damu mna askari wanaopigana na magonjwa. Kama ni hivyo, kansa ya damu hupataje nafasi ya kuanza ndani ya damu ile ile yenye askari? Tena nimesikia kwamba Marekani na Ulaya madaktari huwafundisha askari hao kuiua kansa. Je, ni kweli, au ni maneno ya barabarani?”

Swali ni zuri, na jibu lake ni refu kidogo. Twawaomba wazazi nao walisome mpaka mwisho, maana mwisho wake unawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Damu na askari wake

Damu ya mtu mzima ni kadiri ya lita 5. Kwa macho matupu twaona maji mekundu tu, lakini tone lake likiwekwa chini ya hadubini twaona mji wenye watu wengi, kila mmoja na kazi yake. Chembe nyekundu huchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka kwenye kila kiungo. Vigandishadamu, vidogo kuliko vyote, huziba kila tundu ili damu isimwagike ovyo. Chembe nyeupe ndizo askari. Nao si wengi: katika tone la ukubwa wa milimita moja ya ujazo mna chembe nyekundu milioni 4 au 5, lakini nyeupe ni 4,000 mpaka 11,000 tu. Zote huzaliwa katika uboho, yaani yale mafuta laini tuyaonayo ndani ya mfupa wa ng’ombe unapopasuliwa.

Askari hao wana vikosi mbalimbali. Wako wamezao vijidudu vizima vizima. Ziko chembe B, zitengenezazo kingamwili, yaani vitu vidogo mno vinavyomshika adui na kumtia alama ili wenzao wamjue. Ziko pia chembe T. Hizo hupita mwilini mchana na usiku zikikagua chembe nyingine, kama vile askari wa mpaka kwenye daraja la Ruzizi anavyokagua karatasi za kila mpita njia. Chembe yenye alama ngeni, kwa mfano ile iliyoingiwa na virusi, huuawa papo hapo.

Basi kansa ya damu ni nini? Ni uasi wa askari wenyewe. Chembe moja nyeupe hupata kasoro katika jeni zake, yaani zile amri za urithi zinazoiambia wakati wa kuzaa na wakati wa kufa. Ikisha kuharibika, huzaa bila kukoma, na watoto wake hufuata njia yake. Uasi ukianzia katika uboho na kuijaza damu, huitwa lukemia. Ukianzia katika tezi, huitwa limfoma. Ukianzia kwa zile chembe zitengenezazo kingamwili, huitwa mieloma. Waasi huzijaza nafasi za chembe njema. Ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu, hutokwa damu puani na kwenye fizi, na hushikwa na homa zisizokwisha, ingawa pengine mwili wake umejaa chembe nyeupe kuliko wa mtu mzima wa afya.

Hapo swali la kwanza la mwanafunzi wetu limekwisha kujibiwa. Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi humtambua adui kwa alama zake za kigeni, lakini mwasi huyu amezaliwa nyumbani na amevaa sare ile ile. Watu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa jinsi ilivyo taabu kumjua mwasi aliyevaa sare.

Habari iliyotoka Kampala

Wengi hudhani kwamba elimu ya kuitumia kinga ya mwili dhidi ya kansa ya damu imezaliwa Ulaya na Marekani peke yake. Sivyo. Sehemu kubwa ya habari hiyo ilianza kwa jirani zetu wa Uganda, tena kwa watoto.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mwanamume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, lakini kwa jicho lililobaki aliona jambo ambalo wengi walikuwa wakilipita. Muda mfupi baadaye, alipokwenda Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Akaanza kupekua daftari za hospitali, akagundua kwamba watoto hao walikuwa wengi, na kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa jicho ulikuwa ugonjwa mmoja. Aliandika habari zake mwaka 1958. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt, nao ni kansa ya zile chembe B tulizozitaja.

Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, madaktari wa misioni Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakashika njia ya kusini. Kwa muda wa majuma 10 walisafiri kadiri ya maili 10,000, wakipita hospitali kwa hospitali na kuonyesha picha za wagonjwa: “Je, mmepata kuuona ugonjwa huu?” Majibu yalipochorwa kwenye ramani, ilionekana kwamba ugonjwa hupenda nchi zenye joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana sana mahali palipo juu ya mita 1,500. Maji ya Ziwa Kivu yako kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na vilima vyetu vya Bagira viko juu zaidi. Kwa hiyo tunakaa mpakani hasa mwa ugonjwa huo. Lakini Uvira, uwanda wa Ruzizi na Shabunda ziko chini sana kuliko sisi, na watoto wetu huenda huko kila siku kuwatembelea shangazi na wajomba.

Kwa nini urefu wa nchi uwe na maana? Kwa sababu ya mbu. Ramani ya uvimbe ilifanana mno na ramani ya malaria. Tena mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kwa hadubini ya elektroni virusi vipya ndani ya chembe za uvimbe zilizotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Virusi hivyo vikaitwa kwa majina yao, Epstein na Barr. Baadaye ilijulikana kwamba watu wazima zaidi ya 90 kwa kila 100 duniani wanavyo mwilini, wala haviwadhuru wengi wao, kwa maana chembe T huvilinda kama mfungwa gerezani.

Basi hapa pana fundisho kubwa. Mtoto wa nchi ya joto hupata virusi hivyo angali mdogo sana, pengine kwa mate tu. Kisha malaria humpiga mara kwa mara. Malaria huzichochea chembe B zizaane kwa wingi, na wakati huo huo huwachosha askari T waliokuwa wakilinda gereza. Katika kuzaana kwingi huko, siku moja kipande cha kromosomu huvunjika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na chembe hiyo huasi. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Ni askari waliolemewa na kazi.

Jambo hilo halikusemwa kwa kubahatisha. Kuanzia mwaka 1972, katika wilaya ya West Nile huko Uganda, karibu na mpaka wa nchi yetu ya Kongo, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000, wakangoja. Wale walioshikwa na ugonjwa katika miaka iliyofuata walionekana kuwa na kingamwili nyingi mno za virusi hivyo tangu mwanzo, muda mrefu kabla uvimbe haujatokea.

Mwujiza au kazi ya askari?

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona upesi kwamba kisu hakifai kitu kwa ugonjwa huu. Akajaribu dawa, kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Alizipata chache, naye hakuwa na vyombo vya kutolea dozi kubwa kama za Marekani. Lakini ajabu ilitokea: kwa watoto kadha wa kadha, dozi moja au mbili tu ziliyeyusha uvimbe kwa siku chache, na kansa haikurudi tena. Dawa kidogo namna hiyo haiwezi kuua kila chembe iliyoasi. Nani basi alimaliza kazi? Burkitt alifikiri kwamba dawa huwavunja waasi, kisha askari wa mwili huwamaliza waliobaki. Mwaka 1967 aliandika wazi mawazo hayo.

Mwaka huo huo 1967 ilianzishwa huko Kampala nyumba ya kutibu limfoma, ambayo leo ni Uganda Cancer Institute. Daktari John Ziegler wa Marekani na wenzake wa Uganda, kati yao Charles Olweny aliyekuja kuiongoza nyumba hiyo, walijaribu kuwasaidia askari kwa makusudi. Walitumia chanjo ya BCG, ile ile wanayochanjwa watoto wetu kujikinga na kifua kikuu, wakitumaini kwamba itawaamsha askari ili kansa isirudi. Walilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Faida waliyoitafuta haikuonekana. Wanafunzi, liangalieni jambo hilo vizuri: wazo zuri lilipimwa kwa uaminifu, likaonekana halitoshi, na likawekwa kando. Lakini matibabu ya dawa kadhaa pamoja waliyoyatengeneza yaliponya watoto wengi, na mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walipewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo.

Kuwaamsha askari bila kuwaonyesha adui hakukutosha. Ilibidi kutafuta njia ya kumtia mwasi alama. Njia hizo zimepatikana, nazo ni tatu zilizo kuu.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kubadili jeshi zima. Mwaka 1957 Daktari Donnall Thomas wa Marekani alianza kuwatilia wagonjwa uboho wa mtu mwingine. Baada ya taabu ya miaka mingi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwanzoni watu walidhani kwamba uboho mpya ni mbegu tu ya damu mpya. Baadaye ilijulikana kwamba askari waliozaliwa na uboho huo huwatambua waasi waliosalia kuwa wageni, wakawaua. Lakini askari hao hao waweza kuuona mwili wote wa mgonjwa kuwa mgeni, wakashambulia ngozi, ini na matumbo. Kwa hiyo hutafutwa mtu mwenye alama zinazolingana. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja katika nne ya kulingana na mgonjwa.

Njia ya pili ni kutengeneza kingamwili nje ya mwili. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walipata namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi, wakapewa Nobel mwaka 1984. Kutokana na elimu hiyo ilipatikana rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997. Dawa hii hushika alama iliyo juu ya chembe B na kuwaita askari: “Huyu ndiye!” Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya watoto wenye limfoma kali za chembe B, nyingi zikiwa za Burkitt. Kati ya waliopata dawa za kawaida peke yake, 82 kwa kila 100 walikuwa salama baada ya miaka 3, bila ugonjwa kurudi. Kati ya walioongezewa rituksimabu, walikuwa 94 kwa kila 100. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeitia dawa hiyo katika orodha ya dawa za lazima. Hata hivyo ina hatari zake. Yaweza kuamsha homa ya ini ya B iliyolala mwilini, na kwa sababu hiyo damu hupimwa kwanza.

Njia ya tatu ndiyo aliyoisikia mwanafunzi wetu, nayo ni kweli. Huitwa CAR-T. Madaktari humtoa mgonjwa damu, wakazichuja chembe T zake na kuzipeleka maabara. Huko hutiwa jeni mpya, ambayo huzifanya zioteshe mkono wa kumshika mwasi kwa alama yake, kama askari aliyepewa picha ya mtu anayetafutwa. Jeni hiyo hubebwa na virusi vilivyong’olewa meno, na mara nyingi virusi hivyo hutengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI. Yule aliyekuwa mharibifu wa askari amegeuzwa kuwa mchukuzi wa silaha zao! Kisha chembe huzalishwa kwa mamilioni na kurudishwa mwilini mwa mgonjwa.

Mwaka 2012, mjini Philadelphia, msichana wa miaka 6 aitwaye Emily Whitehead, mwenye lukemia iliyokwisha kurudi mara mbili, alikuwa mtoto wa kwanza kutibiwa lukemia yake kwa njia hiyo. Vita ndani ya damu yake ilikuwa kali, homa ikapanda mno, akakaribia kufa. Daktari wake Stephan Grupp na mwenzake Carl June wakajaribu dawa iliyozoewa kwa ugonjwa wa viungo, na dhoruba ikatulia. Kansa ikatoweka, na baada ya miaka 10 ilikuwa haijarudi. Mwezi wa Agosti 1917 ulipita karne moja kamili kabla ya Marekani kuiruhusu dawa hiyo, mwezi wa Agosti 2017, kwa jina la Kymriah. Katika majaribio yake, wagonjwa 81 kwa kila 100 walitokwa na lukemia katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa kwa wengine ilirudi. Tena chembe hizo huua chembe B zote, njema na mbovu, hata mgonjwa huhitaji kuongezewa kingamwili za watu wengine.

Na sisi wa Bagira?

Sasa twafika kwenye neno linalowahusu wazazi. Kymriah ilipoanza kuuzwa, bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi wa Bagira akiisikia hesabu hiyo, pengine atasema: “Basi, kansa ya damu ni ugonjwa wa matajiri. Mtoto wangu akishikwa, na tumwache.” Au atasikia mtu sokoni akisema: “Mimi ninayo dawa ya kuongeza kinga ya mwili kwa dola 50.” Mawazo haya mawili yote ni hatari, nasi twataka kuyajibu moja moja.

Kwanza, si kweli kwamba pasipo CAR-T hapana matumaini. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 kwa kila 100 wenye kansa huponywa, na wengi wao huponywa kwa dawa za zamani, wala hawajapata kuiona CAR-T. Katika nchi maskini wanaoponywa ni chini ya 30 kwa kila 100. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, haitokani na dawa mpya za ajabu. Inatokana na kuchelewa kufika hospitali, kutojulikana kwa ugonjwa, kukosekana kwa dawa za kawaida, na kuacha matibabu njiani. Siklofosfamidi aliyoitumia Burkitt ingali inatumiwa mpaka leo, pamoja na dawa nyingine.

Pili, hakuna unga, wala chai, wala vidonge vya sokoni vinavyoweza kuwafundisha askari kumtambua mwasi. Tumeona kwamba hata BCG, mikononi mwa mabingwa wa Kampala, haikutosha. Auzaye “dawa ya kuongeza kinga” kwa mgonjwa wa kansa ya damu anauza maneno, na mgonjwa hulipa kwa fedha na kwa siku zake. Tena siku ni kitu kikubwa hapa: uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uvimbe uliokuwa kama embe dodo Jumapili hautangoja mpaka shamba liuzwe.

Basi wazazi, zijueni dalili. Taya ikivimba upesi na meno kulegea bila kuoza, msikimbilie kung’oa meno. Jicho likitokeza nje, au tumbo likivimba kwa majuma machache, msingoje. Tezi za shingo zikikua bila maumivu, mtoto akiwa mweupe wa kupungukiwa damu, akitokwa damu kwenye fizi, akipata madoa ya damu iliyovilia bila kugongwa, au homa ikirudi ingawa malaria imetibiwa, mpelekeni mtoto kwenye hospitali ya Bagira. Ombeni damu yake ipimwe. Wakiona haja, watampeleka kwenye Hospitali Kuu ya Jimbo au Panzi, ambako kipande cha uvimbe au uboho chaweza kuchukuliwa kutazamwa. Kuna pia hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012. Msikubali uvimbe ukatwekatwe au uchanjwe nyembe. Wala msipoteze majuma kumtafuta jirani aliyeroga. Mkimpata wa kumshtaki, mtakuwa mmepata ugomvi na kumpoteza mtoto.

Matibabu yakianza, yamalizeni. Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba uvimbe waweza kuyeyuka baada ya dozi ya kwanza. Baba huona mtoto anacheza, hukumbuka gharama za hospitali, akamrudisha nyumbani. Lakini waasi wachache wamejificha, nao watarudi wakiwa wagumu zaidi. Tena dawa hizi huwaua askari wema pamoja na wabaya kwa muda. Kwa hiyo mtoto anayetibiwa akipata homa, hata usiku, arudishwe hospitali mara moja, kwa maana siku hizo hana mlinzi.

Yako mambo mawili ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya hata pasipo mgonjwa. La kwanza ni chandarua. Anayemlaza mtoto chini ya chandarua, na hasa anayemfungia chandarua kwenye mzigo wake aendapo likizo Uvira au Shabunda, anamkinga na malaria, na pamoja nayo anawapumzisha wale askari T wanaolinda gereza. La pili ni kutoa damu. Mgonjwa wa lukemia huhitaji kuongezewa damu mara nyingi, na damu haitengenezwi kiwandani. Kijana mwenye afya, aliyekwisha timiza umri, akitoa chupa moja, mwili wake hujaza upungufu huo katika majuma machache.

Neno kwa wanafunzi

Mwaka 2018 tuzo za Nobel zilitolewa kwa watu wengi, lakini kwa habari yetu ya leo tukumbuke watatu. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa ya tiba, kwa kuwa waligundua breki zinazowazuia askari T wasishambulie kansa, na jinsi ya kuziachia; dawa zilizotokana na kazi hiyo hutumiwa hata kwa limfoma ya Hodgkin. Na Daktari Denis Mukwege wa Panzi, jirani yetu hapa Bukavu, alipewa ya amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Jina la mji wetu lilitajwa mwaka mmoja na majina ya mabingwa wa kinga ya mwili. Asiseme mtu kwamba mambo makubwa hayawezi kuanzia kandokando ya Ziwa Kivu.

Tazameni pia Wahindi. Hawakukaa kulia juu ya dola 475,000. Wataalamu wa chuo cha ufundi cha Bombay na hospitali ya Tata Memorial walitengeneza CAR-T yao wenyewe, ikaruhusiwa nchini mwao mwaka 2023 kwa bei ipatayo sehemu ya kumi tu ya ile ya Marekani. Bado ni fedha nyingi mno kwetu, lakini njia imeonekana: bei hushuka pale ambapo watu wamejifunza kutengeneza. Anayetaka siku moja CAR-T ifike Kivu, na aanze sasa kwa hesabu, kemia na biolojia, na asiidharau ile kazi ndogo ya kuandika daftari za wagonjwa vizuri. Burkitt aliutambua ugonjwa wake kwa kusoma daftari ambazo wengine walikuwa wamezijaza kwa uangalifu.

Kwa hiyo, mwanafunzi wetu mpendwa, majibu yako ni haya. Kansa ya damu huanza katikati ya askari kwa sababu ni askari mwenyewe aliyeasi. Na ni kweli kwamba askari waweza kufundishwa kumtambua. Lakini hapa kwetu, kabla ya mafundisho hayo kufika, mtoto mwenye taya iliyovimba anategemea macho ya mama yake, miguu ya baba yake na uaminifu wa wote wawili katika kumaliza dawa. Waambie wazazi wako, nao wawaambie majirani: uvimbe ukionekana, msihesabu majuma, hesabuni siku.